Sahihi ya Mtani Wangu wa Skeiti

Ukuta wa studio yangu hapa Nachingwea una wenyewe, na wenyewe si mimi. Kila anayekuja kupiga picha ya pasipoti hukaa kwenye stuli, akisubiri nirekebishe taa, kisha huanza: "Dada, hawa ni akina nani? Mbona hujaweka wachezaji wakubwa?" Nikiwa na subira namjibu. Nikiwa sina, namwambia nyoosha shingo, funga mdomo, nikupige uende zako.

Hao ndio wakubwa wangu. Yuko golikipa aliyedakia timu ya wilaya mpaka magoti yakamkataa. Yuko mama wa netiboli ambaye siku hizi anauza dagaa sokoni, na ukimwona alivyoruka kwenye picha huamini ni yeye anayekuita "mteja" kila asubuhi. Yuko mwendesha baiskeli aliyekuwa akishinda mashindano ya sherehe zote, na baiskeli yenyewe ni ile ile aliyobebea mkaa. Wote nimewapiga mwenyewe, picha nikazituma Mtwara zikasafishwe kwa ukubwa, na chini ya kila moja, kwenye ukingo mweupe, mwenye picha ametia sahihi kwa makapeni, kalamu ile nene, nyeusi. Isiyo na sahihi siitundiki. Wapo wanaoniona nina kichaa. Sawa. Wengine wanajaza kabatini sahani ambazo hakuna atakayezilia, na hakuna anayewauliza.

Sahihi naitaka kwa sababu picha naitengeneza mimi. Mwanga nachagua mimi, sekunde nachagua mimi. Mtu akishaandika jina lake pale chini kwa mkono wake, ndipo anakuwa amekubali kwamba huyo hapo ni yeye.

Sasa kuna picha moja ambayo watu wakiiuliza nabadilisha mazungumzo. Nataka niieleze hapa mara moja tu, niimalize. Ni ya mtani wangu wa Ruangwa, mtu wa kwanza kupanda skeiti huku kwetu, na habari yenyewe ni habari ya macho yake.

Skeiti, kwa asiyeijua, ni ubao mfupi wenye magurudumu manne madogo. Unasimama juu yake, mguu mmoja unasukuma ardhi, halafu unamwachia Mungu. Yeye alijifunzia Dar es Salaam, alipokuwa akifanya vibarua vya ujenzi. Baba yake alipofariki akarudi kijijini kwao Chunyu kushika mikorosho ya familia na kukaa na mama yake. Alirudi na begi moja na ubao huo umefungwa kwa kamba ya katani, na watu wakasema basi, huyu Dar imemchanganya. Mwanaume ana thelathini na kitu, ana mikorosho, hana mke, anacheza na kitoroli.

Mimi nilimwona mara ya kwanza kwenye ghala la korosho pale Ruangwa mjini. Msimu wa mnada ulikuwa umeisha, ghala tupu, sakafu ya saruji imefagiwa safi. Nilikuwa nimeitwa kupiga picha za kikao, wenye kikao hawajafika, nami nikawa nimesimama mlangoni nimenuna. Nikasikia mlio wa kukwaruza ukija mbio kutoka gizani mle ndani. Akanipita karibu ya kunikanyaga, akaruka, ubao ukaruka naye chini ya miguu, akatua, akageuka. Nikapiga ukelele: "Weee! We mtu una akili timamu?"

Akasimama, akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe mama kabila gani?"

"Mmakua. Kwani vipi?"

Meno yote yakatoka nje. "Ahaa! Basi nyamaza, mtani. Mmakua ameona gurudumu lini?"

Huku kwetu Mmakua na Mmwera wakishatambuana hivyo, imekwisha. Ni watani. Adabu inawekwa pembeni. Atasema mbele za watu kwamba mimi ni mke wake niliyemtoroka, nami nitasema sikutoroka, nilimrudisha kwa mama yake kwa sababu alikuja mbovu, na kati yetu atakayekasirika ndiye mshamba. Hata msibani, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha wafiwa. Ukiwa na mtani hupati jibu la kweli kwa swali lolote lile, na raha yake ndiyo hiyo.

Basi tukawa hivyo. Nikienda Ruangwa kwa shughuli, harusi au mahafali, lazima nimtafute. Ghalani walishamfukuza, wakasema anakwaruza sakafu ya watu. Akahamia barabarani, kwenye lami iliyoingia kutokea Nanganga. Alasiri watoto wanamfuata kundi zima. Skeiti ilikuwa hiyo hiyo moja, kwa hiyo wakajitengenezea za kwao kwa vipande vya mbao na beringi chakavu za gereji, na mtaa mzima ukawa na kelele hiyo. Wazee walilalamika. Mama mmoja aliniambia kijana huyu ataua watoto wa watu. Lakini hakuua mtu. Aliwafundisha kwanza kuanguka, siku nyingi kuanguka tu, kabla hajawaruhusu kusukuma.

Nami nilitaka picha yake moja, ya ukutani. Ikanikataa. Nilimpiga akiruka, nikakuta nimechelewa. Nilimpiga akitua, nikakuta nimewahi. "Kamera yako inasinzia kama mwenyewe," ananiambia. "Wewe ndiye unatua kabla hujaruka," namjibu. Tukawa tunabishana hivyo mwaka mzima, na kusema kweli nilikuwa na furaha.

Kisha ukaja msimu wa kupuliza mikorosho.

Anayeishi kwetu anajua. Salfa ni unga wa njano, unapulizwa kwa mashine ya mgongoni alfajiri, majani yakiwa na umande, ili ushike. Unashika majani, unashika nguo, unashika macho. Ukienda sokoni Ruangwa miezi hiyo, muuzaji macho mekundu, mnunuzi macho mekundu, hata anayeadhini macho mekundu. Hakuna anayemuuliza mwenzake kulikoni. Unanawa, unasubiri msimu upite.

Mtani wangu alipuliza shamba lake, kisha akapulizia na watu wengine. Macho yakawa mekundu. Yakauma. Kichwa kikawa kinamgonga upande mmoja mpaka anatapika. Mama yake akasema salfa. Majirani wakasema salfa. Wapulizaji walikuwa na kichupa cha matone ya macho wanachopokezana, tone huku, tone kule, nao wakasema hiyo salfa, itatoka. Nami nilipomwona nilisema nini? Salfa. Ungekuwepo ungesema hivyo hivyo. Mgeni kutoka mbali angeliona jicho lile angeshtuka. Sisi tulikuwa tumelizoea kabla hata halijaugua.

Siku moja alikuja Nachingwea kufuata kipuri cha mashine yake, akapita kwangu. Akakaa kwenye stuli ya wateja, ananihadithia kwamba siku hizi taa ya pikipiki ikija, anaiona imezungukwa na duara lenye rangi rangi. "Nzuri hiyo, mtani! Ungekuwa na kamera ya maana ungeipiga."

"Acha bangi," nikamwambia.

Akacheka, akanyanyuka, akasema anawahi gari. Akajigonga bega kwenye fremu ya mlango. Mlango wenyewe mpana, wanapita maharusi na mashela yao. Akageuza uso haraka kuona kama nimeona.

Nilikuwa nimeona. Nikamfuata nje mpaka stendi, nikamshika mkono, nikamwambia polepole, bila utani wowote, aende hospitali ya mkoa akaonwe macho, tena aende kesho.

"Khaa! Mke wangu leo ananionea huruma?" Akaangalia huku na huku kama anatafuta watu wa kutuchekea. "Nitakwenda. Bonanza likipita."

Bonanza lilikuwa siku ya michezo waliyoiandaa vijana wa Ruangwa, mpira, kukimbia kwenye magunia, kuvuta kamba, na safari hii wakampa yeye na watoto wake wa skeiti nafasi ya kuteremka na skeiti kwenye mteremko wa upande wa Likunja. Aliwaahidi watoto atakuwepo. Alisema akilazwa watoto watateremka peke yao na mmoja ataumia, na hapo skeiti itapigwa marufuku Ruangwa yote.

Hapo damu ikanichemka. Nilimwambia macho hayajui bonanza. Nilimwita mpumbavu, nikamwita mengine ambayo mama yangu akiyasoma hapa atanipigia simu. Lakini matusi kati ya watani ni salamu! Nilimtukana kwa moyo wangu wote, yeye akasikia utani, akapanda gari akicheka, akinipungia mkono. Nilibaki pale stendi na hasira zangu, na abiria wengine wanacheka nao, wanafurahia watani.

Nikampigia simu mama yake. Mama yule Kiswahili chake ni cha sokoni, mambo yake yote ni Kimwera, nami Kimwera changu ni cha kununulia mboga. Nikamwamkia, nikamwambia, mama, macho ya mwanao ni mabaya, apelekwe hospitali. Akaniitikia kwa upole, "Ee, mwanangu. Salfa. Salfa hiyo." Nikarudia. Akarudia. Nikakata simu nikalia.

Siku ya bonanza ikafika. Niliwahi asubuhi, nikachagua sehemu yangu chini kwenye kona, mahali mteremko unapoisha. Nikajifunga kanga kiunoni, nikalala kifudifudi ukingoni mwa lami, viwiko chini, kamera mbele. Watu walijipanga pande zote mbili. Vijana wa bonanza walikuwa wameweka matawi barabarani kule juu na huku chini kuzuia magari. Watoto wakaanza, mmoja mmoja, kwenye mbao zao za beringi, wanapita kwa kelele, wanaanguka, wanainuka, wanashangiliwa. Yeye alikuwa wa mwisho.

Nilimwona juu kule amesimama. Nikaanza kumpigia kelele kama kawaida yangu. "Mmwera wewe, umeogopa? Nikuletee bibi yako akushike mkono? Teremka, wifi zangu wanakusubiri wakucheke!" Watu wakacheka. Akasukuma mara moja, akachuchumaa, mikono ameitanua, akaanza kuja.

Matawi yalizuia magari. Hakuna aliyefikiria ng'ombe.

Walitokea upande wa kushoto, kundi la ng'ombe wa wale wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa, wanapanda lami taratibu kwenda majini, na mchungaji wao nyuma kabisa, fimbo begani, anapiga mluzi. Hakujua kuna nini. Barabara ikajaa. Umati ukapaza sauti, "Ng'ombe! Ng'ombe! Jamani ng'ombe!" Yeye akaendelea kuja. Hakukunja kona, hakushusha mguu, hakuinua kichwa. Nilijua namwona mtu akifa. Kidole changu kikafanya kazi yake chenyewe, na mdomo wangu nao ukafanya kazi yake, nikamtukana, nikamwita shetani mkubwa, nikamwita kwa nguvu zote.

Akapita katikati yao. Mweupe kulia, mweusi mwenye pembe ndefu kushoto, mkia ukampiga shavuni, akapita.

Sijawahi kusikia kelele za namna ile Ruangwa. Watu ambao siku nyingine wangewalaani ng'ombe hao kwa kula ufuta wao, siku hiyo waliwapigia makofi. Watoto waliruka ruka. Yeye akaja mpaka karibu nami, akashuka, ubao ukatangulia mbele kidogo ukasimama. Nikainuka nikiwa nimejaa vumbi, nalia na kucheka. "Shetani wewe! Ng'ombe wale ungewapitaje? Mchawi wewe!"

Akanigeuzia uso. "Ng'ombe gani, mtani?"

Loh! Watu walivyocheka. Waliokuwa karibu wakawarushia wa mbali: "Eti ng'ombe gani! Mwamba anauliza ng'ombe gani!" Likasambaa kutoka chini mpaka kileleni. Nami nikacheka mpaka nikashika mbavu, kwa sababu huyo ni mtani wangu, na jibu la mtani ndilo hilo. Nikamgeuzia kioo cha kamera aione picha, maana nilikuwa nimeshaiona, safari hii sikuwahi na sikuchelewa. "Tazama. Tazama mwenyewe."

Akainama kutazama. Alikuwa anatazama kiwiko changu.

Nikasogeza kamera. Macho yake yakabaki pale pale kwenye kiwiko. Akatikisa kichwa, akasema, "Kali sana." Kisha akachuchumaa kutafuta ubao wake, na mkono ukapapasa lami mahali ambapo ubao haukuwepo.

Nikashusha kamera. "Unaniona?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nakusikia."

"Nimekuuliza unaniona?"

"Mtani, usipige kelele," akasema. "Watoto wako karibu."

Nilimwokotea ubao, nikampa mkononi, nikamshika kwapani kama tunataniana, tukatembea hivyo kupita katikati ya watu wanaompongeza, mpaka nyuma ya kibanda cha soda. Hapo akaniambia. Jicho moja lilikuwa limezima kabla hajaja Nachingwea. La pili alikuwa anaonea mwanga tu, na wiki hiyo mwanga wenyewe ukawa unapungua. Mteremko aliujua kwa miguu. Kona aliijua kwa mdomo wangu. Kelele za watu alidhani wanamshangilia. Alikuwa amehesabu kwamba mimi sitanyamaza.

Nilimpiga kofi la bega, kisha nikamkumbatia, na watu waliotuona wakapiga vigelegele kwamba leo mke amerudi.

Tulikwenda hospitali ya mkoa kesho yake alfajiri, mimi, yeye na mama yake. Njia nzima mama alimshika mwanawe mkono. Daktari alikuwa kijana mpole, akamwekesha kidevu kwenye mashine, akamulika, akamulika tena, akavuta kiti akakaa. Akauliza tangu lini. Mama akasikia neno hilo akajibu yeye: "Tangu salfa." Daktari akaweka kalamu chini.

Alitueleza kwamba salfa huwasha jicho, lakini iliyokuwa ikimmaliza si salfa. Ni presha ya macho, ugonjwa wa ndani ya jicho, na ulikuwa umeua mshipa wa kuonea. Maumivu yale, na lile duara la rangi, ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe unapiga hodi. Kilichokufa hakirudi. Jicho la pili wangelifanyia upasuaji, kuokoa kilichobaki kama kimebaki. Alizungumza taratibu, kwa heshima, akaomba mama aelezwe.

Nani wa kumweleza? Mimi siwezi, muuguzi aliyekuwepo hakuwa Mmwera. Mtani wangu akamweleza mwenyewe. Aligeukia upande wa mama yake akaanza kumsimulia kwa Kimwera, kwa sauti ile ile ya kumsimulia mtu bei za sokoni. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja kifupi, na mtani wangu akacheka, kicheko kibaya.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza, kwa hiyo ni salfa?"

Upasuaji walifanya. Kwa muda alikuwa anaona kivuli cha mkono ukiupitisha mbele ya uso, nasi tukawa tunapitisha mikono kila saa, kama wajinga, tunauliza na hiki je, na hiki je. Kisha kivuli nacho kikaondoka. Hakulia mbele yangu. Aliomba tu niache kupitisha mikono.

Wakati huo ile picha ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu. Nilikuwa nimempa mmoja wa vijana wa bonanza jioni ile ile, kabla sijafikiri ninachompa, na haikuchukua muda ikawa kila mahali. Mwamba wa Ruangwa. Ng'ombe wamempisha wenyewe. Walinitumia mpaka mimi niliyeipiga. Vijana walikuja studio wakiitaka iwe kubwa, waibandike kwenye bajaji zao, nikawatolea uvivu, wakatoka wakisema mama yule siku hizi amekuwa mkali. Ningewaambia nini? Wanaona ushujaa, mimi naona mtu asiyeona. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na niliichukia. Nilituma isafishwe, ikarudi, nikaiweka juu ya kabati imefungwa kwenye karatasi yake, sikuifungua.

Akapiga simu yeye. "Mke wangu, wote umewatundika. Mimi umenificha juu ya kabati?"

Sikumuuliza amejuaje. "Haina sahihi," nikasema.

"Basi si uilete?"

Nikaenda Chunyu. Nilimkuta uani, amekaa mkekani, anamenya korosho kwa vidole, zinazotoka nzima anaweka huku na zilizovunjika huku, hakosei. Amekonda. Mama yake akanipokea, nikampa shikamoo yake, akanivutia kigoda. Ubao wa skeiti sikuuona, nami sikuulizia. Nilisikia kelele za beringi kule njiani, watoto wanaendelea.

Nikafungua karatasi. Upepo ukataka kuichukua picha, mama akaipokea, akailaza juu ya mapaja yake, akaibana ukingo wa chini kwa kiganja.

"Nieleze kwanza," akasema mtani wangu. "Sitii sahihi kitu nisichokijua."

Nikamweleza. Nikamwambia yuko katikati, amechuchumaa, mikono ameitanua. Kulia kwake ng'ombe mweupe, amegeuza shingo. Kushoto mweusi, pembe moja imekaribia kumgusa sikio. Mkia wa mweupe uko shavuni kwake. Nyuma watu wote wamefumbua midomo.

"Na mimi?"

"Wewe umefumba mdomo."

"Uso wangu ukoje?"

Hapo nikatafuta utani, nikauhitaji sana, haukuja. "Umetulia," nikasema. "Umetulia kabisa."

Akafikiri. "Ningewaona ningeruka, nikavunjika shingo. Wallahi, ningewaona mngenizika." Akacheka, safari hii kicheko chake kile cha ghalani, nami nikacheka, na mama ambaye hakuelewa neno akacheka kwa sababu mwanawe anacheka.

Nikampa makapeni. Nikataka kumwongoza mkono. "Usinishike," akasema. "Nimepofuka macho, sijasahau jina langu." Akapapasa mpaka akaupata ukingo mweupe kwa kidole cha mkono wa kushoto, akaweka ncha ya kalamu pale, akaanza.

Jina lake alilipata vizuri. Herufi kubwa, zimesimama, tena nzuri kuliko za golikipa. Akaendelea na jina la baba yake, kama alivyofundishwa shuleni. Ukingo ulikuwa umeisha. Kiganja cha mama yake kilikuwa kimebana pale pale, na kalamu ikapanda juu yake. Ikasita kidogo. Nikafumbua mdomo niseme, mama akanitazama, nikaufumba. Hakuusogeza mkono hata kidogo. Kalamu ikaendelea, polepole, mpaka mwisho, jina la marehemu mume wake, jeusi, mgongoni mwa mkono wake wa kulia. Hajui kusoma, lakini alilijua.

"Imetokea yote?" akauliza mtani wangu, uso ameelekeza mahali alipodhani nipo.

Mama ndiye aliyemjibu, kwa Kiswahili, pengine ili nami nisikie. "Imetokea, baba. Yote imetokea."

Akanikabidhi picha kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia akautia ndani ya kanga.